Upitapo Waya, Gesi Isipite

Maelezo ya vipimo vya gesi, na jinsi nguvu za umeme zinavyoingizwa katika chombo cha gesi bila hatari

Kila alfajiri katika Mukuru kwa Njenga, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, mama wa nyumba hufanya jambo moja ambalo hakufundishwa na mtu. Huuinua mtungi wake wa gesi kwa mkono mmoja, huutikisa, kisha hutega sikio. Ataka kujua kama gesi iliyobaki yatosha kuchemsha chai ya watoto kabla hawajaenda shule. Lakini mtungi ni wa chuma; hauna dirisha, wala hausemi. Mara nyingi mama huyo hukisia vibaya, na moto humzimikia sufuria ikiwa bado haijatokota.

Swali la mama huyu ndilo swali la watu wote wanaoweka gesi katika vyombo, wakubwa kwa wadogo. Mwenye matangi makubwa kule Mombasa, ambako gesi yetu hushushwa kutoka melini, hujiuliza swali hilo hilo. Mkuu wa shule yenye tangi la gesi nyuma ya jiko hujiuliza vivyo hivyo. Ili kulijibu, mafundi walibuni chombo kiitwacho kipimo cha ujazo, nacho hueleza tangi lina gesi kiasi gani. Siku hizi vipimo vingi vya namna hiyo hutumia nguvu za umeme kupeleka habari mbali na tangi. Hapo ndipo penye jambo tutakalolieleza leo, yaani, waya wa umeme unawezaje kupita katika ukuta wa chombo cha gesi, na gesi yenyewe isipite pamoja nao?

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni mambo ya mafundi, mimi yanihusu nini?" Yamhusu sana. Chombo chenye betri na gesi pamoja kimekwisha kuingia katika vyumba vya watu wa Mukuru, karibu na kitanda na meza. Tena katika miaka ya karibuni watu wa pande hizo wameona kwa macho yao jinsi kitu kiwakacho kinavyofanya kikitoroka kutoka chomboni mwake.

TABIA ZA GESI YA KUPIKIA

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Zikiachwa huru huwa kama hewa, bali zikishindiliwa kwa nguvu hugeuka maji. Lita moja ya maji hayo yakiachiliwa huwa lita 250 hivi za gesi. Ndiyo sababu mtungi mdogo wa kilo 6 waweza kupika kwa siku nyingi. Na ndiyo sababu tundu dogo katika chombo cha gesi si sawa na tundu la ndoo ya maji, kwani kinachotoka ni kidogo kwa macho, lakini hukua mara kikifika nje.

Gesi hii ina tabia tatu ambazo yafaa kila mtu azijue. Ya kwanza, haina harufu yake yenyewe. Ile harufu mbaya tunayoisikia, mfano wa kitunguu kilichooza, ni ya dawa iliyotiwa kwa makusudi ili ituonye. Ya pili, ni nzito kuliko hewa. Propani ni nzito mara moja na nusu, na butani mara mbili. Haipandi juu kama moshi, bali hushuka, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mabati na kuingia mitaroni. Ya tatu, kidogo chake hutosha kuleta msiba. Hewa yenye sehemu 2 tu za gesi katika kila sehemu 100 yaweza kushika moto.

Tuchukue mfano wa chumba cha kawaida cha Mukuru, chenye futi 10 kwa futi 10, na kimo cha futi 8. Gesi ya kilo moja hivi, ikichanganyika na hewa yote ya chumba hicho, yatosha kuifanya iweze kuwaka. Na kwa kuwa gesi hulala chini, hatari huanza sakafuni kabla ya kilo hiyo kutimia. Basi mtungi wa kilo 6 waweza kuharibu hewa ya vyumba sita, na vyumba vyenyewe hutengwa na ukuta wa bati moja tu.

Hayo hayakuandikwa ili kumtisha msomaji. Tarehe 12 Septemba 2011, katika Sinai, upande wa Mukuru, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba la mafuta ilifuata mtaro wa maji hadi penye nyumba za watu, kisha ikashika moto. Watu wapatao mia moja walikufa. Petroli si gesi ya mtungi, lakini mvuke wake pia ni mzito kuliko hewa, na njia yake ni ile ile ya chini. Tena usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mahali paitwapo Mradi katika Embakasi, lori lililojaa gesi lililipuka. Watu kadhaa walikufa, na zaidi ya 270 walijeruhiwa. Nyumba, magari na ghala la nguo viliteketea. Baadaye wakuu wa idara inayosimamia nishati walieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mara tatu katika mwaka 2023, kwa sababu mipango yake haikutimiza masharti ya usalama mahali penye watu wengi.

KWA NINI KIPIMO CHA NGUVU HAKITOSHI

Mwenye baiskeli hujua hewa iliyobaki katika tairi kwa kuibonyeza. Ikiwa laini, hewa imepungua. Watu wengi hudhani kwamba gesi ya mtungi hupimwa vivyo hivyo, yaani nguvu ikiwa kubwa gesi ni nyingi, na nguvu ikiwa ndogo gesi ni kidogo. Lakini sivyo. Maadamu maji ya gesi yamebaki ndani, hata kama ni kikombe kimoja, yatatoa mvuke mpaka nguvu iwe ile ile ya mtungi uliojaa. Nguvu hiyo hubadilika kwa joto na baridi, wala haibadiliki kwa wingi wa gesi. Mchana wa jua kali mtungi ulio karibu kwisha waweza kuonyesha nguvu nyingi kuliko mtungi uliojaa wakati wa baridi ya usiku. Atakayetegemea kipimo cha nguvu ataambiwa "bado ipo" mpaka dakika ya mwisho.

Upande wa pili, kujaza kupita kiasi ni hatari kuliko kupungukiwa. Maji ya gesi yakipata joto hutanuka. Kwa hiyo tangi halijazwi mpaka juu. Huachwa nafasi, na sehemu zinazojazwa ni 80 hivi, au 85, katika kila 100. Tangi likijazwa pomoni kisha likapigwa na jua, maji yatatafuta nafasi ya kutanukia na hayataiona, na nguvu yake itapanda mno. Kwa sababu hiyo mtu ajazaye tangi hana budi kuona maji yamefika wapi.

BOYA NA SUMAKU

Njia ya zamani na iliyo njema ni kuweka boya ndani ya tangi. Boya hilo huelea juu ya maji ya gesi, kama chelezo juu ya maji ya ziwa. Limefungwa katika mkono mrefu wa chuma. Maji yakipanda, boya hupanda; yakishuka, hushuka nalo. Mwendo huo wa mkono huzungusha meno madogo, na meno huzungusha ufito mwembamba unaofika hadi chini ya kifuniko cha tangi.

Sasa fikiri, msomaji. Ufito huo ukitokezwa nje ili uzungushe mshale, itabidi kutoboa tundu. Na ufito unaozunguka katika tundu hauwezi kubanwa sana, kwa maana ukibanwa utakwama, na usipobanwa utavujisha gesi. Mafundi waliepuka taabu hiyo kwa werevu mwingi. Hawakutoboa tundu lolote. Mwisho wa ufito, ndani kabisa, walitia sumaku. Nje, upande wa pili wa kifuniko, waliweka sumaku nyingine yenye mshale. Sumaku ya ndani ikizunguka, ya nje huifuata, na katikati yao pamesimama ukuta mzima wa madini usio na ufa.

Mtoto yeyote aweza kulijaribu jambo hili. Aweke msumari mdogo juu ya karatasi nene, kisha apitishe chini yake sumaku iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa. Msumari utatembea ingawa karatasi haikutobolewa. Ukuta wa chombo hauwezi kuwa wa chuma cha kawaida, maana chuma hicho kingeivuta sumaku na kuizuia. Hutumiwa shaba au alumini, ambazo huiacha nguvu ya sumaku ipite.

Ikiwa mwenye tangi ataka habari zimfikie mbali, huweka juu ya kifuniko, upande wa nje, kifaa kidogo cha umeme kinachotambua sumaku imeelekea wapi. Kifaa hicho hupeleka habari kwa waya au kwa simu. Waya wake wote uko nje. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, kwamba mlango ulio salama kuliko yote ni ule usiokuwapo.

WAYA UKILAZIMIKA KUINGIA

Lakini si kila chombo kinaweza kupimwa kwa sumaku. Vipo vipimo ambavyo sehemu yake ya umeme hukaa ndani, penye gesi, na ambavyo haviwezi kufanya kazi bila waya kuvuka ukuta. Hapo hakuna hila. Lazima tundu litobolewe.

Huenda mtu akauliza, "Je, si wazimu kuingiza umeme ndani ya gesi?" Jibu lake litamshangaza. Ili moto uwake, lazima vitu vitatu vikutane, yaani gesi, hewa, na cheche. Ndani ya tangi lililojazwa sawasawa kuna gesi tupu, wala hamna hewa. Ikikosa hewa, gesi haiwaki. Moto hungojea nje, mahali ambapo gesi iliyotoroka hukutana na hewa, na ambapo mwisho wa waya huweza kutoa cheche. Basi mahali pa hatari ni pale mlangoni, ambapo waya hupita. Vitu vyote vitatu huweza kukutana katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole.

Fundi asiyejua kazi hii aweza kutoboa tundu, akapitisha waya wa kawaida, akaziba kwa gundi au kipande cha mpira. Siku ya kwanza pataonekana pazuri, na pengine hata povu la sabuni halitatoa mapovu. Lakini atakuwa amekosea mara tatu.

Kosa la kwanza ni mpira. Mpira wa kawaida, utokao katika utomvu wa mti, huharibiwa na gesi hii. Huvimba, hulegea, na mwisho hupasuka. Mipira itumiwayo katika kazi ya gesi ni ya namna nyingine, iliyotengenezwa viwandani ili istahimili mafuta.

Kosa la pili ni joto na baridi. Chuma, shaba na gundi havitanuki kwa kiasi kimoja. Mchana hutanuka, usiku hunywea, na kila kimoja kina mwendo wake. Baada ya siku nyingi za kuvutana hivyo, gundi huachana na chuma, na ufa mwembamba kuliko unywele hufunguka. Gesi yenye kushindiliwa haihitaji njia pana kuliko hiyo.

Kosa la tatu ndilo kubwa, kwa maana halionekani. Waya wa kawaida wa umeme una nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja na kuvikwa ngozi ya plastiki. Fundi amekwisha kuziba vizuri nje ya ngozi hiyo, naye adhani kazi imekwisha. Lakini ndani ya ngozi, kati ya uzi na uzi, mna nafasi tupu. Gesi huingia upande mmoja wa waya, hupita katikati ya nyuzi kama maji yapitavyo katikati ya mzigo wa mianzi, na hutokea upande wa pili, pengine hatua kadhaa kutoka kwenye tangi, ndani ya sanduku la swichi. Mtu atapaka sabuni pale tundu lilipo na asione kitu, kumbe gesi imepita ndani ya waya wenyewe na kuketi pale penye cheche.

FUNGO LA KIOO

Basi mafundi stadi hufanyaje? Hawapitishi waya wa nyuzi. Katika tundu huweka pini moja nzima ya madini, isiyo na nafasi ndani yake. Pini hiyo huzungushiwa kioo kilichoyeyushwa kwa moto mkali, na kioo hicho hushikamana na pete ya chuma. Kikipoa, pini, kioo na pete huwa kitu kimoja. Umeme hupita katika pini. Kioo huzuia umeme usikimbilie chuma cha tangi, na papo hapo huzuia gesi isitoke. Waya wa ndani huungwa kwenye kichwa kimoja cha pini, na waya wa nje kwenye kichwa cha pili. Nyaya hizo mbili hazikutani kamwe.

Kazi hii ina utaratibu wake. Kioo ni kigumu, lakini hakipendi kuvutwa, kikivutwa hupasuka. Kikibanwa pande zote, huwa na nguvu sana. Kwa hiyo mafundi huchagua pini ya madini yanayotanuka kwa kiasi kimoja na kioo, ama huchagua pete inayonywea zaidi ya kioo, ili ikipoa ikibane kama pete ya chuma inavyobana gurudumu la mkokoteni. Katika taa za kwanza za umeme, waya ulioingia ndani ya kioo ulikuwa wa platini, madini yenye thamani kubwa, kwa sababu platini hutanuka karibu sawa na kioo. Baadaye, katika miaka ya 1930, Wamarekani walipata mchanganyiko wa chuma, nikeli na kobalti unaofaa kazi hiyo kwa gharama iliyo ndogo.

Msomaji asidhani kwamba vitu hivi viko mbali naye. Atazame taa ya zamani ya umeme, ile yenye uzi unaowaka. Nyaya zake huingia ndani ya kioo, wala hewa haiingii, kwani ikiingia uzi huungua mara moja. Au atazame nyuma ya friji ya duka anaponunua maziwa na soda. Pale chini kuna kopo jeusi la chuma linalovuma. Ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa na mashine ya umeme, na umeme huingia kwa pini tatu zilizozungushiwa kioo. Katika friji nyingi za siku hizi gesi hiyo ni ya namna ya butani, ndugu ya ile tunayopikia. Huzunguka mle kwa miaka mingi bila kutoroka, kwa sababu mlango wa waya ulifungwa vema tangu kiwandani.

CHECHE NDOGO ISIYOWEZA KUWASHA

Hata hivyo mwenye hekima hategemei ukuta mmoja. Mafundi hujiuliza, "Na fungo likivunjika siku moja, itakuwaje?" Jibu la swali hilo lilitokana na msiba. Tarehe 14 Oktoba 1913, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Senghenydd, nchini Wales, gesi ya machimboni ililipuka na kuua wachimbaji 439. Katika mambo yaliyodhaniwa kuwa chanzo mlikuwamo cheche za kengele za umeme zilizotumiwa kupelekeana ishara. Tangu hapo wataalamu walichunguza swali moja kwa bidii, yaani umeme upunguzwe kiasi gani hata cheche yake isiweze kuwasha gesi?

Waliona kwamba kila gesi ina kipimo chake cha chini. Kwa propani, nguvu ya cheche itoshayo kuiwasha ni ndogo ajabu. Ni kama nguvu ya kuinua punje tano za maharagwe kwa kimo cha sentimita moja. Swichi ya taa ya nyumbani hutoa nyingi kuliko hiyo. Kwa hiyo vipimo vya gesi vilivyotengenezwa kwa uaminifu hupewa umeme mdogo sana, nao huwekewa vizuizi ili hata waya ukikatika, au nyaya zikigusana, cheche itakayotoka isifikie kiasi hicho. Basi ulinzi ni wa namna mbili, kwanza gesi isitoke, na pili, ikitoka, isikute cheche yenye nguvu.

MITA ZA GESI KATIKA MUKURU

Sasa turudi kwa mama yetu wa Mukuru. Kwa miaka mingi gesi ilimshinda kwa sababu moja kubwa, nayo ni fedha. Mafuta ya taa na makaa hununuliwa kwa kipimo kidogo, leo ya leo. Bali mtungi wa gesi ulitaka fedha nyingi kwa mara moja. Ndipo makampuni yakaleta mtungi wenye mita. Mtu hulipa shilingi chache kwa simu, na mita humfungulia gesi ya thamani hiyo; ikiisha, mita hufunga. Mita hiyo hupeleka habari kwa simu, na kampuni hujua mtungi unakaribia kwisha hata kabla mama hajautikisa. Katika Tanzania kampuni iitwayo KopaGas ilianza ufundi wa namna hii, na mwaka 2020 ufundi huo ulinunuliwa na kampuni ya Circle Gas, ambayo huuza gesi yake katika Kenya kwa jina la M-Gas. Mukuru kwa Reuben, jirani ya Mukuru kwa Njenga, kampuni ya PayGo Energy ilikuwa na wateja wake. Wachunguzi waliowafuata wateja hao wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, waliona kwamba wengi sana waliendelea kupika kwa gesi ijapokuwa mapato yao yalipungua.

Hilo ni jambo jema, kwa maana moshi wa makaa na wa mafuta ya taa katika chumba kisicho na dirisha ni adui wa kifua cha mtoto. Lakini tukumbuke mita ni kitu gani. Ni kisanduku ambamo gesi, betri, na koki inayofunguliwa kwa umeme vimewekwa pamoja. Mlango tuliokuwa tukiueleza, ule wa tangi kubwa, sasa uko chumbani. Mita iliyofungwa kiwandani ina ukuta kati ya upande wa gesi na upande wa umeme. Mtu akiifungua kwa bisibisi ili apate gesi ya bure, au akiitoboa ili aunge waya wa kuchaji, hakumwibia mwenye kampuni peke yake. Amevunja ukuta huo, na majirani wake wamelala ng'ambo ya bati.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

1. Usiutikise mtungi ili kujua kilichobaki. Upime kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake. Tuseme chapa ni kilo 7 na nusu, na mizani yaonyesha kilo 10. Basi gesi iliyobaki ni kilo 2 na nusu. Unaponunua, mwombe muuzaji auweke mtungi kwenye mizani mbele ya macho yako. Kuomba hivyo si ukosefu wa adabu.

2. Kama huna mizani, mwagia ubavu wa mtungi maji ya uvuguvugu, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale unapoanza kusikia baridi ndipo yalipofika maji ya gesi. Usitumie maji yanayochemka, wala usiusogeze mtungi karibu na moto ili "kuamsha gesi."

3. Tafuta mahali panapovuja kwa povu la sabuni, na kamwe usitumie kibiriti. Paka kwenye koki, kwenye regyuleta, na kwenye mpira wote hadi jikoni. Mapovu yakikua, funga koki na usiwashe kitu.

4. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima, kwa maana cheche hutoka mara zote mbili. Usipige simu humo ndani. Funga koki, fungua mlango na dirisha, utoe mtungi nje kama waweza, na uwaambie majirani wazime majiko yao. Mahali penye harufu nyingi za viwanda na mitaro, pua huweza kudanganyika. Basi ukishuku tu, fanya kama una hakika.

5. Usizibe uvujaji wa mita au wa koki kwa gundi, nta, au utepe. Kizuiacho leo hulegea kesho. Mwite wakala wa mtungi huo.

6. Usinunue gesi kwa mtu anayemimina kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo uani. Hana kipimo cha kumwambia mtungi umejaa kiasi gani, nawe utabeba mzigo wa kosa lake hadi chumbani kwako.

7. Mkiona matangi au malori ya gesi yamewekwa kati ya nyumba za watu, pelekeni habari kwa chifu na kwa idara inayosimamia nishati, wala msingoje jirani aanze.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya gesi ufa wenyewe ni mdogo kuliko jicho liwezavyo kuona. Waweza kuwa kati ya kioo na pini, ama kati ya uzi na uzi wa shaba. Fundi wa kiwandani ameziba sehemu yake kwa kioo na moto. Sehemu iliyobaki ni yetu, nayo ni kutoufungua mlango alioufunga, na kuwahi kuziba ule tuuonao wenyewe.